Vitone Vyekundu vya Kimuli

Mwaka 1938 nilikuwa dresa wa zahanati ya Kimuli, kijana wa Muleba niliyesoma misheni, na nilijiona mjanja kupita kiasi. Homa ya papasi ilikuwa ikiua watu. Nikachora ramani kwenye karatasi pana, kila aliyekufa nikamtilia kitone cha wino mwekundu pale alipofia, nikaibandika ukutani ili daktari wa wilaya akija aone mara moja dawa zipelekwe wapi.

Vitone tisa vilirundikana kwenye kibanja cha migomba cha mzee Rwegoshora. Kwingine kimoja hapa, kimoja pale. Daktari hakuja. Waliokuja ni wagonjwa na ndugu zao, na hakuna aliyehitaji kujua kusoma ili aone migomba ya nani imejaa wekundu.

"Waitu dresa, shikamoo," Komujuni, binti wa Rwegoshora, aliniambia mlangoni asubuhi moja, akihema. "Wamemfunga baba. Wanasema karatasi ya serikali imemtaja kuwa mchawi."

Niliing'oa ramani nikatoka mbio. Njiani ndipo akili ilinirudia, na nikajitukana kwa sauti. Mtu wa huku akizidiwa hafii ugenini, hubebwa kwa machela hadi kibanja cha ukoo, kama hicho cha Rwegoshora, afie hapo na azikwe hapo. Hata kwetu ndivyo tunavyofanya! Nami, mpumbavu, nilikuwa nimechora walikofia, sikuchora walikougulia.

Nilimkuta Rwegoshora amefungwa kwenye nguzo ya zizi, mdomo umepasuka, sikio moja linaning'inia. Mdogo wake, Placidius, aliyekuwa amezika wanawe wawili, alishika mhoro wa kukatia migomba. Bega la kaka yake alikuwa ameshalipasua hadi mfupa. Watu wapatao arobaini walikuwa wakimpigia kelele amalize.

"Placidius!" nilipiga ukelele. "Wanao walikuwa wakilala wapi kabla ya kuugua?"

"Kambini. Kwenye machimbo ya bati."

"Na wako, mama?" nilimgeukia mwanamke mmoja kati yao.

"Kambini."

Nikauliza mmoja mmoja, jibu likawa lile lile. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaitandaza ramani chini, nikavikata kwa mstari vitone vya kibanja na kuvirudisha vyote kwenye banda la nyasi wanamolala vibarua. Nikawaeleza kwamba papasi wanaishi kwenye udongo wa lile banda, wanauma watu usingizini. Placidius akalia kama mtoto, akamkata kaka yake kamba. Nilifurahi, nasema kweli.

Sikuona ni nani aliyewasha mwenge wa kwanza. Niliona tu zizi limebaki tupu, na Rwegoshora, bega likimwaga damu, yuko mbele ya wote kwenye njia ya kambini.

Kambini, mlinzi wa banda alinyoosha mikono kuwazuia. Placidius alimkata shingoni, pigo moja, akaanguka mlangoni. Nikasikia watu wakikohoa ndani. Nikamshika Rwegoshora mkono wenye mwenge.

"Mzee, humu wamo wagonjwa! Hawawezi kusimama!"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayenishukuru.

"Dresa, si umetuonyesha mwenyewe?" alisema, akautupa mwenge juu ya nyasi.