Mzungu wa Kichwani

Watu wa Newala walipokata shauri kwamba nina mzungu kichwani, hawakuniuliza mimi. Walimuuliza yeye. Na kwa kuwa ni mzungu, wakamtafuta mtu wa kumuuliza kwa Kiingereza.

Nianze na nguo, maana kosa lilianzia hapo. Miaka ya ruksa ilipoingia na bidhaa za nje kuruhusiwa, sisi wa huku kusini tulikuwa tumevaa viraka juu ya viraka, na wengine magunia. Ghafla yakaja marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo, watu wakazipa jina: kafaulaya. Walisema mwenye shati kafa huko Ulaya na ndugu zake wameliuza. Waliogopa siku mbili tatu, kisha wakavaa. Nani angekataa suruali yenye zipu? Mimi Paulina, mama yake Huruma, mzaliwa wa Lupaso, nikaacha vibarua vya kupalilia mikorosho ya watu, nikawa mnadi wa nguo. Kila siku ya mnada napanda lori Masasi mpaka Newala, nafungua robota moja, nasimama juu ya lingine na kunadi. Sauti ninayo. Kanisani kwetu padri alikuwa akiniomba niipunguze.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeinua gauni la maua, watu wamenizunguka, mikono yao inavuta hiki na kile. Moyo ukashtuka. Sababu haikuwepo, usiniulize. Ukaanza kwenda mbio kama cherehani, pumzi ikaishia kooni, vidole vikafa ganzi, na zile sura zote zikawa mbali na karibu kwa wakati mmoja. Nilijua ninakufa. Sisemi nilidhani, nilijua, kama mtu anavyojua kwamba amelowa. Nikaliachia gauni, nikashuka nikakaa chini mavumbini, nikavua kilemba, nikawa nahema kama niliyefukuzwa na mbwa.

"Kapandisha!" mtu akapiga kelele.

Mtu akipandisha shetani hasemeshwi yeye, husemeshwa aliyempanda. Huulizwa jina lake na anachotaka, kisha hupewa ili atulie. Wa kwangu walimjua kabila kabla ya kumuuliza, kwani nguo zilikuwa za nani? Ziada, aliyeuza karanga kando yangu na ambaye ananipenda kama ndugu, ndiye aliyelia kuliko wote.

"Nzungu huyo! Nzungu mwenye gauni lake! Nwiteni Mwalimu!"

Mwalimu Edmund alikuwa amestaafu miaka mingi na alikuwa na hamu ya kutumika. Akaja na fimbo yake, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa adabu kama anayezungumza na mkaguzi wa shule, jina langu nani na ninataka nini. Nilitaka maji. Ulimi ukagoma. Basi wakaamua wenyewe kwamba mzungu hutaka chai ya maziwa na mkate wa siagi. Vikaletwa, na kiti pia. Kufikia hapo moyo ulikuwa unashuka, na mimi sikuwa nimetia kitu tumboni tangu alfajiri. Nikaula ule mkate. Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Mmeona?" Ziada akawaambia. "Kaula wote."

Hali ile ilinijia tena stendi ya Masasi, kisha kanisani katikati ya wimbo. Nikaanza kuchagua njia. Penye watu nazunguka, penye foleni narudi. Nilijionea aibu, nikajichukia kwa hiyo aibu, mwisho nikaenda hospitali. Sista Magdalena, muuguzi mwenye mikono mikubwa, alinipima kifua muda mrefu.

"Moyo wako mzima," akasema. "Hii ni hofu, Mama Huruma. Mwili wako unapiga kelele za mwizi na mwizi hayupo."

"Hofu ya nini? Mimi siogopi kitu."

"Haihitaji kitu. Inapanda, inafika juu, inashuka. Ikija, kaa nayo, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta. Lakini ukiikimbia sokoni itakufuata kanisani, halafu itakufungia ndani kwako."

Nilitoka nimenuna. Nilitaka dawa, nikapewa maneno. Lakini safari iliyofuata, lori likikwea mlima wa kwenda Newala, niliyatafuna yale maneno. Lori lile hunguruma na kutetemeka hadi udhani litapasuka, na sijaona abiria akiruka katikati ya mlima. Hushika bomba akangoja. Na kutoa pumzi ndefu? Mnadi ana kazi gani nyingine?

Pale mnadani Bwana Fortunatus, mwenyekiti wa soko, alikuwa ananisubiri mahali pangu.

"Mama Huruma, watu wanaziogopa nguo zako. Ama uchezewe ngoma atolewe huyo mgeni, ama hapa usisimame tena."

"Kuku wa hiyo ngoma nitatoa mimi," Ziada akadakia, machozi yakimlengalenga.

Niliudhika mpaka ncha za nywele. Kuchezewa ngoma ni kukubali kwamba mgeni yupo, na mgeni akishatambuliwa hulishwa maisha. Na kuondoka pale ni kurudi na jembe kwenye mikorosho ya watu, nikiinama mpaka nizikwe. Nilipapenda pale mahali. Ndipo pekee duniani nilipopaza sauti na hakuna aliyeniambia nipunguze.

"Nipe leo tu, Mwenyekiti," nikasema. "Nikishuka kwenye robota kabla nguo hazijaisha, nitaondoka mwenyewe. Nisiposhuka, usiniletee tena habari za mgeni."

Akakubali upesi, maana alikuwa na hakika.

Watu walijaa siku hiyo kuliko siku zote, na nusu yao hawakuja kununua. Nilinadi mashati, nikanadi sketi. Nilikuwa nimeshika koti zito la kahawia ilipokuja. Cherehani kifuani, ganzi vidoleni, koo likafunga. Miguu ikaniambia shuka, kimbia, pita nyuma ya ghala. Nikaikaza. Njoo basi, nikaiambia ile hofu moyoni, panda mpaka juu, tuone utakaa huko na nani.

"Kapandisha!"

Mwalimu Edmund hakuhitaji kuitwa. Alikuwa amewahi, tena amefunga tai. Akapenya hadi mbele, akainua uso, akauliza kwa Kiingereza chake kizuri. Mnada mzima ukanyamaza kumsikiliza mzungu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi.

"Marahaba," akajibu, kabla hajajikumbuka.

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili. Mzungu gani anayeamkia? Mwalimu akashika tai yake.

"Niulize tena," nikamwambia, "ila kwa Kiswahili, wote wasikie."

"Wewe... wewe nani?"

"Paulina, binti Bernard wa Lupaso, mama yake Huruma."

"Na unataka nini, binti yangu?"

"Nataka nafasi ya kuhema. Halafu nataka wateja." Nikainua mikono yote miwili, koti likining'inia. "Inatetemeka, tazameni vizuri, hakuna kiingilio. Ndiyo, nimepandisha! Ni moyo wangu mwenyewe umepanda, na utashuka wenyewe. Mimi hapa sishuki."

Nikafungua mdomo nikanadi. "Kotiii la baridi ya alfajiriii!" Niliivuta ile sauti mpaka tumbo likanywea na pumzi ikaisha yote. Nikavuta kidogo, nikanadi tena, ndefu zaidi. Machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha. Koti lile lile nililinadi mara nyingi kuliko lilivyostahili. Kisha nikasikia koo likifunguka, na vidole vikaanza kuhisi tena sufu ya lile koti. Ilikuwa inashuka, kama Sista alivyosema.

Bwana Fortunatus alisimama amekunja mikono. Ziada naye alikuwa chini ya robota langu, ameshika kikombe cha chai ya maziwa na mkate wa siagi. Kumbe aliviandaa tangu asubuhi, endapo mgeni atafika.

"Sasa huu mkate, Mama Huruma," akauliza kwa sauti ya chini, "ni wa nani?"

Watu wakautazama, na mimi nikautazama. Mkate kama ule ndio ulionitia hatiani mara ya kwanza. Nilikuwa na njaa tena, njaa ile ile inayokuja mwili ukishatulia.

"Wangu," nikasema. "Nipe."

Nikaula wote nimesimama palepale juu, taratibu, mbele ya macho ya soko zima. Nikafuta vidole vyenye siagi kwenye khanga yangu, nikainua suruali iliyofuata, nikamuuliza Bwana Fortunatus kama inamtosha.