Maji ya Udhu

Voi, mtu akiona jani limelegea haulizi maswali, anatafuta maji. Mfereji hutoka siku upendayo wenyewe, maji ya kisima yana chumvi, na jua halina huruma na mtu, basi kila kinachonyauka ugonjwa wake unajulikana. Ndiyo maana Ishaq, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, alipoona miche yake mitatu ya bangi imeinamisha majani, aliinywesha. Siku ya pili ikainama zaidi, akainywesha tena.

Naam, bangi. Aliipanda nyuma ya tangi, katikati ya mirihani ya mamake, ndani ya madumu ya mafuta ya kupikia aliyoyakata vichwa. Na huyu ndiye Ishaq yule yule aliyeapa mbele ya wazee kwamba ameacha. Mkewe Ruweida alikuwa amerudi kwao Mwatate na watoto tangu Idi, amechoka na moshi na ahadi. Ni Bi Mwanamina, mamake Ishaq, aliyejikokota na magoti yake mabovu hadi kwa wakwe akawaambia, "Mwanangu ameacha. Ikiwa si kweli, aibu ni yangu mimi." Kwa neno hilo Ruweida akakubali kurudi Alhamisi.

Ishaq alijiambia kwamba uongo wake si uongo hasa. Hanunui tena stendi, havuti mbele za watu, ni kidogo tu apate usingizi. Anayetaka kujidanganya hakosi sababu. Na mamake, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alipouliza hiyo ni mimea gani, alijibu upesi, "Dawa ya magoti yako, mama. Ikikua nitakuchemshia." Bi Mwanamina akainua mikono akamwombea dua pale pale, naye Ishaq akaitikia amina.

Majani yalipozidi kulegea, akaiuliza simu yake. Ndipo alipojua kwamba jani lenye kiu huning'inia jembamba kama kitambaa, na likipata maji husimama jioni hiyo hiyo. Lakini lililoshiba maji kupita kiasi huvimba, likawa zito, likajikunja kwa chini, kwa kuwa mizizi imekosa hewa. Akachomeka kidole udongoni. Juu palikuwa pakavu, chini tope linalonuka. Akajaribu kuinua dumu moja, na uzito wake ukamshangaza. Madumu yenyewe hakuyatoboa chini. Nani Voi atoboe chombo ili maji yapotee? Hata hivyo, yeye alikuwa akimimina kikombe tu. Tope lote lile lilitoka wapi?

Jibu alilipata Jumatano alasiri, akiwa dirishani. Bi Mwanamina alikuwa ameketi kigodani kando ya tangi akitawadha, na chini yake ameweka beseni. Kila tone lililoanguka kutoka usoni, mikononi na miguuni lilikingwa humo. Alipomaliza alishika ukuta, akainuka kwa tabu, akalibeba beseni hadi kwenye dumu la kwanza. "Bismillahi," akasema, akamimina, kisha akaenda la pili.

Maji ya udhu. Kila swala, siku nzima, mama yake alikuwa akiinyunyizia bangi maji ya udhu na kuisomea bismillahi. Ishaq aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kuogopa polisi alikuzoea, na kuogopa wakwe pia. Hii ilikuwa aibu nyingine. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na bado alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alhamisi asubuhi aliing'oa miche yote akaifukia shimo la taka, kisha akamwambia mamake kwamba dawa imekufa, maji yamezidi. Lilikuwa neno la kweli, na akajipongeza kwa kulisema.

Bi Mwanamina akakaa kitako. "Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nikiigusa naona imelegea, nasema ina kiu."

"Hukujua, mama."

"Nisamehe, Ishaq. Umeihangaikia kwa ajili yangu, nami nimeiua."

Alitazamia jibu lake, macho yamelowa. Sentensi moja tu ya kweli ilitakiwa, na Ishaq alikuwa nayo ulimini. "Nimekusamehe," akasema.

Jioni Ruweida akafika na watoto, nao watoto wakalala kochini kwa uchovu. Bi Mwanamina hakumngoja hata avue buibui. "Mumeo alinipandia dawa kwa mikono yake, mwanangu, nami kwa ujinga wangu nikaizamisha. Hakunikemea hata neno moja. Amenisamehe." Ruweida akamtazama Ishaq kwa upole ambao hakuwa ameuona usoni mwake tangu Idi. Ishaq aliutaka mno upole ule, na alijua ameuiba.

Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Wanawake wakatandika misala nyuma yake. "Tuswalishe, Ishaq," mamake akasema. "Leo nyumba imetimia."

Akaelekea kibla, akainua mikono hadi masikioni. Takbira haikutoka. Nyuma yake alisikia magoti ya mamake yakialika, bibi wa watu akijikaza kusimama amfuate yeye.

"Haikuwa dawa," akasema, uso bado umeelekea ukutani. "Ilikuwa bangi. Mama, ilikuwa bangi yangu."

Alipogeuka, msala wa mamake ulikuwa mtupu. Alimkuta nje kigodani akitawadha upya, kuanzia viganja hadi miguu, ingawa udhu wake haukuwa umetenguka. Ishaq, asijue afanye nini na mikono yake, alichukua beseni akaliweka chini yake kama alivyoona jana. Bi Mwanamina akalisogeza kando kwa mguu, akaendelea kutawadha, na maji yakaishia mchangani.

Ruweida alikuwa amesimama mlangoni na msala wake mkononi, akimsubiri mama mkwe wake waswali. Hakumwangalia Ishaq kabisa.