Odowa ya Friza

Muhonja, mwenye mimba ya miezi sita, alipenda odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito hutafuna, ikiwa mbichi na baridi. Kwa hiyo aliilowesha na kuiweka kwenye friza yake huko mtaani Pipeline, ambako stima hupotea na kurudi inapojisikia. Kufikia Ijumaa jiwe lilikuwa tope. Alilibeba kwa kopo hadi sokoni Majengo, kwenye meza ya Mama Akech aliyemuuzia, maneno yamemjaa mdomoni.

"Mama Akech, umeniuzia vumbi."

Mama Akech alichungulia kopo. "Mwanangu, chupa ukiijaza maji pomoni ukaitia friza, huwaje?"

"Hupasuka."

"Kwa sababu maji yakiganda hufura. Ya ndani ya jiwe yaliganda yakalitanua, yakayeyuka, yakaganda tena, mpaka chembe zikaachana. Wiki nzima ya mambo hayo, hata mimi ningemeguka."

Mama Akech akachovya kidole, akaonja, akachovya tena.

Jumamosi iliyofuata, mezani pa Mama Akech kulikuwa na vikopo vya tope na kibao: ODOWA LAINI YA WASIO NA MENO. Muhonja alisonya hadi vikongwe waliojipanga mbele yake wakageuka, kisha akauliza mwisho wa foleni ni wapi.