Mdudu Aliyehama Tumboni mwa Baba

Kazi yangu, katika maabara moja hapa Moshi, ni kuchunguza bakteria anayeishi tumboni mwa binadamu. Ana kiasi kuliko wanaume wengi wa kwetu Kirua Vunjo. Anahitaji nikeli, madini kidogo mno, ili ajitengenezee kinga dhidi ya asidi ya tumbo. Ikipungua, asidi inamuua. Ikizidi, nikeli yenyewe inamdhuru. Basi ndani yake kuna protini inayolinda mlango: nikeli ikitosha inafunga, ikipungua inafungua. Baba yangu, mzee Sirili, alinicheka sana kwa habari hizo.

"Justina, nimekusomesha ukapime shibe ya mdudu?"

Mwaka huu alianza kukonda. Mtori, supu yetu ya ndizi, ukamshinda, kisha hata uji. Hospitali wakaingiza kamera tumboni na kuchukua vipande vya nyama. Kimoja wakakiweka kwenye kipimo cha njano. Nilimweleza baba kwamba mdudu akiwemo, kinga yake itageuza ile njano kuwa pinki. Tulikaa tukiikodolea macho, na njano ikabaki njano.

"Hayumo! Aika Ruwa!" Akamshukuru Mungu kwa Kichagga, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote.

Majibu ya vipande vingine yalipotoka, daktari alituambia sote wawili kwamba ni saratani, imeshafika kwenye ini, na hakuna cha kukata. Baba aliitikia kwa kichwa tu. Yeye alishasikia alichotaka kusikia.

Jumapili akaita majirani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha, tuliyachinjia mbuzi. Baba alipitisha kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akisema mwanawe amempima, mdudu hayupo. Watu wakampongeza, na shingo yake inaelea ndani ya kola. Nilitamani kuwafukuza wote. Mama alinivutia jikoni akasema, "Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Wageni walipoondoka nilimkuta mgombani, ameinama, anatapika mbege.

"Baba, mdudu hayumo kwa sababu amekosa pa kukaa," nikamwambia. "Ameishi kwako tangu utotoni, na amezoea kuishi penye asidi tu. Tumbo lako limeharibika, halitoi asidi tena. Uharibifu alioufanya yeye ndio uliogeuka saratani."

Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Na ile akili yake yote ya nikeli?"

"Haikumsaidia."

Alishika mgomba. Nilidhani amenielewa, na moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Alipokuwemo nilikuwa nakula," akasema.

"Ndiye aliyekuharibu, baba."

"Nilikuwa nakula ndizi sufuria zima. Nilikuwa napanda mpaka msituni kukata majani ya ng'ombe." Akanishika mkono, vidole vyake baridi. "Huko maabara unao wengi?"

"Ninao."

"Basi niletee. Nimeze, arudi mahali pake."

Nilitaka kumweleza tena habari za asidi. Macho yake yalikuwa yananibembeleza, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtoto wake kitu.

"Hata mmoja tu, Justina."

"Nitakuletea, baba," nikasema, nikamshika kiunoni turudi ndani.