Upindo wa Kushoto

1.

Kwaru.

Kabla ya adhana ya alfajiri. Bega linajisugua ukutani.

Kwaru.

Naijua sauti hiyo tangu nikiwa msichana. Mdogo wangu Hidaya alikuwa akilala amekaa, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali pumzi haikumtosha. Mgongo wake ulipinda kando, kisha ukainama mbele. Alikufa ana miaka kumi na saba. Ukuta tukaupaka chokaa.

Hiyo ni miaka arobaini na sita iliyopita. Aliyekaa ukutani asubuhi hii ni mjukuu wangu Mwantumu. Ana miaka kumi na minne.

2.

Wewe unayesoma, nianze na kosa langu, nisije nikalisahau kwa makusudi.

Mimi ni fundi cherehani. Mwantumu nimemlea tangu mama yake alipofariki, na hajavaa nguo ya kununua.

Sketi ya darasa la sita: upindo wa kushoto nimeushusha kidole kimoja, ulingane na wa kulia.
Sketi ya darasa la saba: vidole viwili. Shati, pamba kidogo kwenye bega.
Kidato cha kwanza: vidole vitatu. Marinda mgongoni, kibiongo kisionekane.
Gauni la Idi: sikupima. Niliiogopa futi, ile tepe ya kupimia mwili.

Nilitaka tu wenzake wasimcheke. Hawakumcheka. Mwalimu hakuona, jirani hakuona. Watu walinisifu, wakasema Bi Mwanjaa ana mkono wa kushona.

3.

KLINIKI YA MIFUPA
Jina: Mwantumu Shemdoe
Umri: 14
Mgongo umepinda kwenda kulia: digrii 82
Kibiongo: digrii 90
Uwezo wa mapafu: nusu ya unaotakiwa
Sababu ya mgonjwa kuchelewa kuletwa: ......................

Pale penye nukta karani aliniuliza, nikatazama kalamu yake. Hakurudia swali. Alinisogezea kiti.

Na kulikuwa na muuguzi mmoja. Madaktari vijana walipoingia wengi kuutazama mgongo wa mtoto, alivua kanga yake mabegani akamfunika kifua bila kusema kitu. Ilikuwa kanga mpya.

4.

Daktari Msangi alichora kwenye karatasi. Alieleza kwamba watafungua mgongo kuanzia chini ya shingo mpaka kiunoni, wataweka vyuma viwili na skrubu, saa saba au nane za kazi. Kati ya watoto mia wenye mgongo kama huu, alisema, watatu hivi huamka miguu haisikii.

Nikauliza, tusipofanya?

Akasema mgongo utaendelea kupinda. Mapafu yatabanwa, kisha moyo. Hakusema lini. Alikunja karatasi yenye mchoro akanipa, kama mtu anayekufungia chakula cha njiani.

Mwanangu, baba yake Mwantumu, yuko Mwanza na familia nyingine. Nilimpigia simu. Akasema, amua wewe, mama.

5.

Wanawake bombani, nikiwa nyuma ya ua, hawanioni:

— Wamkate mgongo? Mgongo si kuku.

— Kuna binti kule chini alikatwa, karudi amebebwa kwa mkeka.

— Angalau sasa anatembea. Mwache atembee.

— Na Hidaya, mdogo wake Bi Mwanjaa? Yeye hakukatwa. Yuko wapi?

Maji yakaendelea kujaa ndoo.

6.

(Hidaya. Huja nikiwa natunga uzi.)

Dada, mimi sikuulizwa. Hakukuwa na daktari wala karatasi. Kulikuwa na wewe na mafuta ya nazi. Ulinikanda vizuri, sikatai.

Ila ile siku ya mwisho nilikuomba ukae. Ulisema una nguo za watu za Idi. Ulisema utamaliza kola mbili tu, halafu utarudi, halafu

7.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la hisabati, mwandiko wa Mwantumu. Aliuacha wazi juu ya cherehani.

Wakinipasua:
nitalala chali
nitarefuka, daktari kasema labda sentimita tano
sitainama tena vizuri (kufagia basi)
labda sitatembea

Wasiponipasua:
natembea
mpaka lini

Mengine:
naogopa nikiamka nisijue miguu iko wapi
bibi anaogopa zaidi yangu
bibi hajui kwamba najua habari ya upindo

8.

Nilikaa.

Aliporudi na kuni nilimuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu darasa la saba. Nilikuwa nafua, nikaigeuza sketi ndani nje."

"Mbona hukuniambia?"

Alizipanga kuni, kubwa chini, ndogo juu. Hakuniangalia.

"Ulikuwa umeshona vizuri sana, bibi. Niliona haya kukuharibia."

Basi tulifichana, mimi na yeye, ndani ya nguo moja. Miaka miwili.

Nikamwambia kwamba nitakaloandika kwenye karatasi ya hospitali nitaliandika, lakini kwanza aseme yeye. Hidaya hakupata nafasi ya kusema.

Alivuta pumzi. Mabega yakapanda, yakashuka.

"Nimechoka kulala nimekaa."

9.

RIDHAA YA UPASUAJI
Mimi .................... mlezi wa mgonjwa, nimeelezwa faida na madhara yanayoweza kutokea, na

ndiyo (nikakata)

hapana (nikakata)

Karani akaniletea karatasi nyingine. Hakunung'unika.

Niliandika jina langu polepole. Mwanjaa. Kisha nikamwomba lile jalada la kliniki, penye nukta, nikajaza mwenyewe:

Sababu ya mgonjwa kuchelewa kuletwa: bibi yake alishona.

Karani alisoma. Akaniuliza kama nimekula.

10.

TANGAZO
Kuona wagonjwa ni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni.
Ndugu hawaruhusiwi kulala wodini.
Mgonjwa wa upasuaji asile chochote kuanzia saa sita usiku.
Nguo za nyumbani zirudishwe nyumbani.

11.

Ni jioni. Mwantumu atapasuliwa kesho asubuhi. Amevaa gauni la hospitali, la kijani, pana, limeshonwa na mtu asiyemjua. Upindo wake umepanda upande wa kushoto. Kila anayepita anaona.

Mikono yangu ilikwenda kwenye upindo yenyewe. Akaishika.

"Uache, bibi."

Nikauacha.

Ameegemea ukuta wa wodi. Mama wa kitanda cha pili, mguu wake ndani ya plasta, amempa mto wake na kudai hapendi mito.

Kengele. Wageni wanatoka. Nimekunja sketi ya shule, nimeiweka kifuani. Nyuma yangu

kwaru

na sikujua ni bega la nani. Ningegeuka nimkute Hidaya, nisingeshangaa. Nimewahi kutoka hivi, nguo za watu mkononi, nikisema narudi.

Safari hii niligeuka.

Mwantumu alikuwa ananiangalia. Macho makavu.

"Bibi. Kesho uje tena."

"Nitakuja."

"Uje na futi."