Kilo Sabini na Mbili

"Shoga, hivi huyo binti yako ana kazi gani hasa? Mbona namwona amekaa tu na kompyuta kutwa nzima?"

Jirani aliniuliza hivyo mwaka juzi, tukianika nguo. Sasa jibu ninalo.

Mimi ni mpimaji wa uzito wa watoto pale zahanati. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, mizani ile ndiyo iliyomsomesha binti yangu. Shule yangu iliishia msingi, lakini Mungu alinipa macho.

Binti ndiye aliyeitengenezea zahanati huduma ya mtandaoni. Karani anaingiza umri na uzito wa mtoto, muuguzi anarudishiwa kiasi cha dawa. Wiki ya majaribio nilipima kichanga wa miezi mitano, kilo saba nukta mbili. Nikachungulia kwenye kioo cha kompyuta ya karani. Sabini na mbili! Na dawa ya mtu mzima.

"We karani, huyu ni mtoto au gunia?"

"Mama, kitufe cha nukta kimekufa. Nimemwambia mganga mkuu mpaka nimechoka."

Muuguzi akacheka. Mimi nilimtazama yule kichanga, nikamshukuru Mungu kwamba yalikuwa majaribio tu.

Nyumbani binti alishika kichwa. "Mama, huduma niliiweka ikague tu kama ni namba. Sabini na mbili ni namba."

"Ni namba, lakini si mtoto."

Akavuta kiti. "Haya, wewe huwa unaangalia nini kabla hujaandika?"

Nikamweleza. Naangalia umri, kisha kadi, nione mwezi uliopita alikuwa kilo ngapi. Uzito ukiruka, namvua nguo nampima upya. Aliandika kila neno, kana kwamba mwalimu ni mimi, kisha akaingiza kadi za watoto kwenye huduma na kuiwekea kizuizi: uzito ukiruka, dawa haitoki.

Mganga mkuu hakupenda. "Toa hicho kizuizi. Foleni itafika barabarani! Karani awe makini, basi. Jumatatu tunaanza."

Kikitolewa, Jumatatu dawa ile itaingia kwenye tumbo la mtoto kweli.

Binti hakupandisha sauti. "Daktari, kaa hapo kwa karani uandike mwenyewe watoto kumi. Usipokosea, nakitoa sasa hivi."

Akakaa, akakunja mikono ya shati. Wa kwanza kilo tisa kamili, akapita. "Unaona?" Wa pili saba nukta nne. Kioo kikaonyesha 74, kikawa chekundu:

*Mwezi uliopita alikuwa kilo 6.9. Mvue nguo, mpime upya.*

Maneno yangu! Mimi wa shule ya msingi, nasomwa na daktari. Nilishika ukingo wa mizani nisije nikaonekana natabasamu.

Akaandika tena. Chekundu. Akabonyeza nukta kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anaua mdudu. Chekundu.

Karani akakohoa kidogo.

Mganga mkuu akatazama kadi, akamtazama binti yangu, akanitazama na mimi. Kisha akachomoa waya, akaibana kibodi ile kwapani, akatoka kwenda kutafuta yenye nukta.