Mita Tatu na Ishirini

Kwa miaka miwili na miezi mitatu Adero alikuwa akiruka mita tatu na sentimita ishirini. Hakupanda, hakushuka. Ufito ukiwekwa kwenye ishirini, aliuvuka na kubakisha nafasi ya kupitisha mkono. Ukiwekwa kwenye ishirini na tano, aliuangusha kana kwamba ametumwa kuuangusha.

Wanaoruka kwa upondo Kisumu ni wa kuhesabu, na Adero alikuwa amezoea kuwaeleza watu. Unashika mti mrefu wa plastiki ngumu, unakimbia nao, unauchomeka kwenye kisanduku kilichofukiwa ardhini, nao unapinda, kisha unakurusha juu ya ufito. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, halafu wakamuuliza kwa nini.

Mkufunzi wake alikuwa Mwalimu Oduor, aliyestaafu baada ya kufundisha michezo kwa miaka thelathini, na aliyeruhusiwa kutumia kona moja ya kiwanja cha shule pale Nyamasaria. Mwalimu alikuwa na dawa moja.

"Kaza mbio," alisema.

Adero akakaza. Miaka miwili hiyo alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha barafu karibu na ufuo, akibeba mabonge wanayonunua wachuuzi wa samaki, na mabega na mapaja yake yaliongezeka hadi mama yake akalazimika kufumua sketi zake za kanisani na kuzishona upya. Hakuwahi kuwa na nguvu kiasi hicho maishani. Urefu ukabaki ishirini. Mwalimu aliilaumu barafu. Alisema baridi inaingia kwenye magoti na kulala humo.

Mahali pa kuangukia palikuwa na magodoro kumi na mawili, yamefungwa pamoja kwa wavu mkuukuu wa kuvulia mbuta. Yalitolewa na Waweru, mwenye duka la magodoro mjini, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kutembea na hajarudi kwa miaka ishirini. Kila Jumamosi alikuja kuyaangalia, kama mtu anayekwenda kutazama ng'ombe aliowaacha kwa shemeji. Kuhusu michezo hakuwa na maoni yoyote.

Jumamosi moja ya Februari, Mwalimu akiwa amekwenda mazishini, Waweru aliyazunguka magodoro akiyabonyeza moja moja kwa ngumi.

"Adero, hebu kuja. Hii magodoro ya mbele imekwisha. Bonyeza. Unasikia ubao? Sasa bonyeza ya nyuma."

Adero akabonyeza. La nyuma lilimrudisha mkono.

"Hiyo ni mpya kama ilivyotoka dukani," Waweru akasema. "Miaka miwili hakuna mtu amelalia. Mimi sijui mambo ya kuruka, lakini mteja akinionyesha godoro imekufa upande mmoja, najua analala vibaya."

Aliaga akaenda zake. Adero akabonyeza tena la mbele, kisha la nyuma. Alijua vizuri kwamba mrukaji mzuri huangukia katikati. Anayeangukia mbele ni yule ambaye upondo umemkatalia njiani, ukamtema kabla haujasimama wima. Alikuwa akitemwa kwa miaka miwili na alidhani ndiyo ladha ya mchezo.

Akaenda stoo ya shule, akaomba kopo la chokaa ile ya kuchorea mistari ya uwanja, akainyunyiza chini mbele ya kisanduku. Kisha akaruka mara tano. Baada ya kila mruko alirudi kuangalia alama ya mguu wake wa kushoto. Mwalimu alikuwa amemfundisha kwamba mguu wa kurukia hukanyaga moja kwa moja chini ya mkono wa juu ulioshika upondo. Wake ulikuwa umepitiliza, nyayo mbili nzima, ukikaribia kisanduku. Alikuwa akiruka akiwa tayari amechelewa, na upondo ukimvuta nyuma kwa mikono.

Aligeuka akatazama mwanzo wa njia. Pale palikuwa na kipande cha tofali, na kila mbio zilianzia kwenye tofali hilo.

Jumatatu alimwambia Mwalimu. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi akiwa kazini, yakamtoka yote kwa mkupuo: magodoro, chokaa, nyayo mbili.

Mwalimu alimsikiliza akitazama tofali.

"Tofali hilo nililipima mimi mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa kamba. Mara tatu."

"Ndiyo. Ulilipima lini?"

Mwalimu akafikiri. "Ulikuwa kidato cha nne."

Adero alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole: hatua kumi na nne, kila hatua imerefuka kidogo kwa sababu ya nguvu za barafu, sentimita nne hapa, sentimita nne pale. Kila alipomwambia akaze, msichana alikuwa akikaza na kujisogeza zaidi kwenye kosa. Mwalimu alimaliza vidole vya mkono wa kwanza, akaanza wa pili, akaacha.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "nimekuzuia miaka miwili."

"Si wewe, ni tofali."

"Tofali haliwezi kusema kaza."

Akalichukua, akalirudisha nyuma nyayo mbili, akalikandamiza ardhini kwa kisigino. Kisha akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo Adero hakuwahi kuliona. Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alirudi na upondo mwingine, mgumu kuliko ule wa zamani, aliouazima chuoni Maseno. Alikuwa ameuleta kwenye bodaboda, ameukumbatia begani, ncha moja ikitangulia na nyingine ikifuata mbali. Polisi waliwasimamisha Kisian wakauliza ule ni mti wa nini. Mwalimu akajibu ni wa kuruka. Waliuzunguka mara moja, wakawaachilia.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo mambo yakawa mazuri. Yakawa mabaya. Mbio zilikuwa zile zile lakini mwili haukuzitambua. Upondo sasa ulisimama wima na kumrusha mbele kwa nguvu asizozijua, akaupitia ufito kwa kifua, kwa tumbo, mara moja kwa kidevu. Machi yote hakuvuka hata mita tatu. Kwenye mashindano madogo aliangusha urefu wa kwanza mara tatu, akapokea soda ya ushiriki. Alifikiria kulirudisha tofali. Jioni moja, Mwalimu akiwa ameshaondoka, alilirudisha kabisa, akaruka ishirini bila taabu, akaketi kwenye magodoro ya mbele akalia. Kisha akainuka, akalipeleka tena nyuma.

"Leo usiruke ufito," Mwalimu alimwambia kesho yake. "Chomeka, bembea, angukia katikati. Mguu wa kushoto uache mrefu, usiukunje haraka. Ukitaka kuvuta mikono, subiri. Ukidhani umesubiri vya kutosha, subiri tena."

Neno kaza halikutajwa tena. Adero aligundua kwamba alilitamani kidogo.

Mashindano ya kanda yalikuwa Mei, katika uwanja wa mjini. Mvua ilinyesha mpaka saa sita, wakapangusa njia kwa magunia. Adero alivuka mita tatu, akavuka ishirini. Wakaweka thelathini. Mara ya kwanza aliupitia chini. Mara ya pili aliugusa kwa paja ukacheza, ukacheza, ukaanguka.

Mara ya tatu alihesabu hatua zake kwa sauti ndogo. Mikono ilipanda mapema, mguu ukaondoka ardhini na hakuna kitu kilichomvuta nyuma. Akasubiri. Akasubiri tena. Miguu ikawa juu ya kichwa, akauona ufito ukipita mbele ya pua yake, akiwa upande wa pili, ambako hakuwahi kufika ufito ukiwa kwenye urefu ule. Alipoanguka alibaki chali, akiuangalia. Haukutikisika.

Mwalimu alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Mguu ulikanyaga wapi?" akauliza.

"Sijui. Sikuangalia."

"Vizuri," akasema Mwalimu, akageuka kutazama mbio za kupokezana vijiti, ambazo zilikuwa hazijaanza.

Wakaweka arobaini. Akaangusha mara zote tatu.

Jumatatu kiwandani, Gordon, msimamizi wao, alimwona akichechemea kidogo, akamuuliza wikendi alikuwa wapi.

"Niliruka mita tatu na thelathini."

Gordon akalifikiria jambo hilo.

"Juu ama mbele?"

"Juu."

"Aa," akasema Gordon, akampa glavu. Lori la kwanza lilikuwa limeshafika getini. Adero alipakia mabonge kumi na sita kabla hajatambua kwamba dereva alikuwa akimtazama kwa wasiwasi, kwa kuwa muda wote huo alikuwa akicheka peke yake.